Mwalimu Nyerere na Mizani ya Kahawa



Kila mwaka, kahawa inapoanza kuiva katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa, sisi mapadre hupokea swali lile lile nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Mkulima mmoja huuliza kwa nini azuiwe kuivusha kahawa yake ng'ambo ya Mto Kagera, ambako mnunuzi wa Uganda amemwahidi bei iliyo bora na fedha taslimu siku hiyo hiyo. Mwingine, aliyekwisha kuiuza kwa butura ingali maua mtini kwa sababu ya ada ya shule ya mtoto, huuliza Serikali ilikuwa wapi siku ile mchuuzi alipompa sehemu ndogo tu ya thamani ya mavuno yake. Wa kwanza anataka Serikali imwondokee, wa pili anataka ije imkinge. Wote wawili ni waamini wetu, wanakaa benchi moja, na aghalabu ni mtu mmoja yule yule katika miezi miwili tofauti.

Tumeona vema kulitazama swali hilo kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye alilibeba kwa muda mrefu kuliko yeyote katika nchi yetu, naye ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Jimbo la Musoma lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Mwenye heri, na tangu hapo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Jina hilo halimaanishi kwamba kila amri aliyoitia sahihi ilikuwa njema. Mchakato wa namna hiyo huchunguza fadhila za mtu, yaani imani yake, unyofu wake na upendo wake kwa Mungu na jirani. Hukumu juu ya sera zake za uchumi wameachiwa wanadamu wa kawaida, hasa wale walioziishi, na wazee wetu wa Karagwe wamo.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria upande wa mashariki, tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mke wake wa tano, Mugaya wa Nyang'ombe. Alichunga mbuzi kama watoto wengine, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kisha akaenda Tabora na hatimaye Makerere. Hakubatizwa utotoni. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyekwisha kusoma na kufikiri, akachagua jina la Julius. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi huidhania imani yake kuwa urithi wa nyumbani, ilhali ulikuwa uamuzi wa mtu mzima.

Alipotoka Makerere alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Mapadre Weupe. Huko Padre Richard Walsh alimsukuma aendelee na masomo, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, ambako alisoma historia, uchumi na falsafa hadi mwaka 1952. Aliporudi alimwoa Maria Gabriel Magige mwaka 1953, akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 akawa rais wa chama kipya cha TANU. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu na mshahara wake, ili aifuate siasa kwa muda wote. Safari ya kudai uhuru imesimuliwa mara nyingi, nasi hatuna haja ya kuirudia. Itoshe kusema kwamba tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilijitawala, na mtu huyu wa miaka thelathini na tisa akajikuta ameshika nchi iliyokuwa na wahandisi na madaktari wazalendo wa kuhesabika kwa vidole.

Ni hapa ambapo kahawa inaingia katika habari hii. Kwetu Kagera, buni haikuletwa na Mzungu. Mababu zetu walizichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, na kwa buni walifunga udugu wa damu. Wala biashara ya mbali haikuwa ngeni. John Hanning Speke alipofika Bweranyange mwezi Novemba 1861, alimkuta Mukama Rumanyika akiwa amekwisha kuzoeana na wafanyabiashara wa pwani waliopita kwake kutafuta pembe za ndovu, na kambi yao ilikuwa Kafuro. Wanaodhani utandawazi ulifika Karagwe pamoja na simu za mkononi wamechelewa zaidi ya karne moja. Kilichobadilika wakati wa ukoloni ni kwamba kahawa iligeuka kuwa zao la fedha, na bei yake ikaanza kupangwa na watu wasiowahi kuuona mbuni.

Wakulima hawakukaa kimya. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950, kikakusanya kahawa ya vyama vya msingi vya mkoa mzima, Karagwe ikiwamo. Meneja wake alikuwa kijana aitwaye George Kahama, ambaye baadaye aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri, sawasawa na Paul Bomani aliyetokea kwenye ushirika wa pamba wa Usukuma. Nyerere hakuubuni ushirika, aliukuta. Aliukuta ukiwa hai, ukiwa mali ya wakulima, na ukiwa mojawapo ya misingi ya TANU yenyewe vijijini. Tunawaomba wasomaji wakumbuke jambo hili tutakapofika mwaka 1976.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, Serikali yake ilifanya kile ambacho wachumi wengi wa siku zile walikishauri. Ilifungua milango kwa mitaji ya nje, ikahimiza kilimo cha mazao ya biashara, ikajiunga na mkataba wa kimataifa wa kahawa uliofikiwa mwaka 1962, ambao uligawa kiasi ambacho kila nchi ingeuza ili bei isianguke. Bukoba ilipata kiwanda chake cha kahawa ya kuyeyuka, Tanica, ambacho leo vyama vya ushirika vya mkoa wetu ni miongoni mwa wamiliki wake. Lakini mitaji iliyotarajiwa haikuja kwa wingi, na waliokuwa wakifaidi walianza kuonekana kuwa ni wachache wenye vyeo. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukali wa adhabu ile unaweza kujadiliwa, lakini ni viongozi wachache walioadhibu wengine na kujiadhibu wenyewe katika siku moja.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mabenki, kampuni za bima na biashara kubwa za kuuza na kununua nje vilitaifishwa katika siku chache zilizofuata. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Wiki saba baadaye, siku ya Pasaka tarehe 26 Machi 1967, Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, Populorum Progressio. Maandiko haya mawili hayakunakiliana, lakini yalizaliwa na uchungu mmoja. Papa alifundisha kwamba biashara huru baina ya tajiri na maskini haitoshi kuitwa ya haki, kwamba mali binafsi si haki isiyo na mipaka, na kwamba mamlaka za umma zina wajibu wa kupanga malengo ya maendeleo huku zikizishirikisha nguvu za watu binafsi na za vyama vilivyo kati ya mtu na dola. Sehemu ya kwanza ya fundisho hilo Nyerere aliishika kwa mikono miwili. Ile ya mwisho, inayohusu vyama vilivyo kati ya mtu na dola, ilimponyoka.

Alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, alilitaka Kanisa lishiriki waziwazi katika mapambano dhidi ya umaskini na dhuluma, la sivyo lingeonekana kuwa mshirika wa wanaodhulumu. Wapo wakubwa wa Kanisa waliomsikia kwa mashaka. Shule za Kanisa zilikuwa zimechukuliwa na Serikali chini ya sheria ya mwaka 1969, na si kila paroko aliyekabidhi funguo alifanya hivyo kwa furaha. Hospitali, kwa upande wake, ziliachwa mikononi mwa madhehebu, na baadhi yake zikapewa na Serikali ruzuku na hadhi ya hospitali teule ya wilaya, kama ilivyo kwa ndugu zetu Walutheri wa Nyakahanga. Tunaona katika hilo la hospitali hekima ambayo haikupatikana kila mahali, nayo ni kumwacha anayeweza afanye, na kumsaidia.

Kanisa lina jina kwa hekima hiyo. Tangu Papa Pio XI alipoandika mwaka 1931, Mafundisho Jamii yanaiita kanuni ya auni. Maana yake ni kwamba kile ambacho familia, kijiji au chama cha wakulima kinaweza kukifanya chenyewe, chombo kikubwa kisikinyang'anye, na kile kisichowezekana ngazi ya chini, chombo kikubwa kisikwepe. Auni ni msaada. Serikali kwa kanuni hii ina kazi nyingi, na kazi kubwa, lakini haijigeuzi kuwa mkulima, mchuuzi, mpima mizani na mlipaji kwa wakati mmoja.

Ndicho kilichotokea. Uchunguzi wa mwaka 1966 ulikuwa umeonyesha wizi na uzembe ndani ya vyama vingi vya ushirika, na malalamiko ya wakulima yalikuwa ya kweli. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa ili wataalamu wa wizara wawe karibu na wananchi. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na kahawa ikawekwa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Chama ambacho baba zetu walikijenga kwa senti za kila gunia kilifutwa kwa tangazo. Wakati wake ulikuwa mbaya kuliko kitendo chenyewe, kwani baridi kali iliyoiunguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilikuwa imeipandisha bei ya kahawa duniani hadi kilele cha mwaka 1977. Utajiri ule ulipita juu ya vichwa vya wakulima wa Karagwe kama mvua inayonyesha ziwani. Sehemu kubwa ilibaki katika makato, kodi na gharama za mamlaka. Mkulima aliyeona tofauti ya bei kati ya ukingo huu wa Kagera na ule alijifunza njia za usiku, na neno magendo likaingia katika kila nyumba ya mpakani, kuanzia Murongo kushuka chini.

Tusimhukumu kwa kumtenga na miaka yake. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka Mutukula na kuiteka ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera. Mkoa wetu ndio uliokuwa uwanja wa vita. Daraja la Kyaka lililipuliwa, watu wakauawa, mifugo ikachukuliwa. Majeshi yetu yalijibu, na sehemu yake ilivuka upande wa Kikagati kuelekea Mbarara, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama ya vita hiyo inakadiriwa kufikia dola milioni 500, nayo nchi haikurudishiwa. Katika mwaka huo huo mafuta yalipanda tena. Atakayeandika kwamba uchumi wa Tanzania uliangushwa na ujamaa peke yake, au na wageni peke yao, hakupita Kyaka.

Mwishoni mwa mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja na masharti yake. Lilitaka shilingi ishushwe thamani, matumizi ya Serikali yapunguzwe, bei ziachiwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona hakuna njia nyingine na akajiuzulu. Nyerere alikataa, na mwanzoni mwa mwaka 1980 aliwaeleza mabalozi kwa ukali kwamba shirika lile halikuwa na haki ya kuwa wizara ya fedha ya dunia. Hoja yake ilikuwa ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiuchumi. Aliuliza ni nani aliyewachagua watu wale, na kwa nini mtoto wa maskini apunguziwe shule na dawa ili deni lilipwe. Baada ya miaka ishirini Kanisa zima, likiadhimisha Jubilei Kuu ya mwaka 2000, lilikuwa likiomba nchi maskini zisamehewe madeni.

Lakini miaka iliyofuata ilikuwa ya tabu. Wazee wetu wanaikumbuka kwa foleni za sabuni, sukari na chumvi, na kwa nguo za viraka. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwakamata walanguzi, pia uliwakumba watu ambao kosa lao lilikuwa kuwa na boksi la sabuni uvunguni. Serikali iliyotaka kugawa kila kitu ilifika mahali ikawa haina cha kugawa. Mbuni ulipuuzwa, kwa kuwa fedha ya kahawa haikuwa na kitu cha kununua, na migomba ya bia ikapandwa palipokuwa na mibuni.

Tunapopima kipindi hiki hatuna budi kuweka pia upande wa pili wa mizani. Wakati wa uhuru, watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa wachache. Katikati ya miaka ya 1980, kwa takwimu za Serikali, walikuwa wamekaribia tisa kati ya kila kumi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aandikishwe shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Hakuna mfanyabiashara ambaye angejenga shule ya msingi katika vilima vya Kaisho au Nkwenda kwa kutarajia faida. Sisi tuliozaliwa katika miaka hiyo, tukasomea kwenye madarasa yale, tukaingia seminari na hatimaye kupewa daraja takatifu, tusingeweza kumwandikia msomaji makala haya kama Serikali ingekuwa imengoja soko.

Jambo linalotugusa zaidi kwa mtu huyu ni kwamba alikiri. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vya ushirika virudi, na serikali za mitaa zikarejeshwa. Alipoulizwa baadaye, hakuwasingizia wasaidizi wake. Alisema waziwazi kwamba kuvifuta vyombo vile viwili lilikuwa kosa, na kwamba kosa lilikuwa la uongozi wake. Sisi tunaokaa kwenye kiti cha maungamo tunajua jinsi neno hilo lilivyo zito hata kwa mtu aliyekosea mbele ya mke wake tu. Rais anayelisema mbele ya taifa lake, angali hai, ni nadra. Si kila kosa aliliona, hata hivyo. Juu ya uhamishaji wa watu vijijini, uliofanywa mahali pengi kwa nguvu na kwa moto kati ya mwaka 1973 na 1976, hakuwahi kujilaumu kwa kiwango ambacho sisi tungependa. Sehemu zenye migomba na kahawa, ambako nyumba zilikwisha kukaribiana, hazikuhamishwa kama mikoa mingine, na huenda ndiyo sababu wengi kwetu wanamkumbuka kwa upole zaidi.

Tarehe 5 Novemba 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari. Mwaka 1986 mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, alitia sahihi mkataba na Shirika la Fedha, na milango ikaanza kufunguliwa. Nyerere alirudi Butiama kulima, lakini kuanzia mwaka 1987 aliongoza Tume ya Kusini, iliyokuwa na makao yake Geneva na iliyotoa taarifa yake mwaka 1990. Katibu Mkuu wa tume hiyo alikuwa mchumi wa Kihindi aitwaye Manmohan Singh. Mwaka mmoja tu baada ya taarifa ile, Singh akawa Waziri wa Fedha wa India na kuufungulia uchumi wa nchi yake milango ambayo ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi. Baadaye akawa Waziri Mkuu. Watu wawili walioandika kitabu kimoja juu ya umaskini wa nchi za Kusini hawakufikia jibu moja juu ya soko. Walikubaliana, hata hivyo, kwamba nchi maskini inayoingia sokoni peke yake, bila dola iliyo imara na bila kushikana na wenzake, huingia kama mkulima anayeuza kwa butura.

Mfano wake ulionekana kwenye kahawa yenyewe. Mwezi Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ulivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Mwaka 1990 wakulima wetu walipata chama kikuu chao wenyewe, KDCU, kilichojitenga na kile cha Bukoba. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, nao wakaja na fedha mkononi hadi mlangoni mwa nyumba. Miaka ya mwanzo wengi walishangilia. Wakati huo huo, mbali huko Vietnam, serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikifungua mashamba, ikitoa mikopo na mbolea, ikituma mabwana shamba, na kabla ya mwaka 2001 nchi iliyokuwa haijulikani kwa kahawa imekuwa ya pili duniani, ikiuza robusta, kahawa ile ile tunayoilima sisi. Bei ilianguka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mitatu. Mkulima wa Kyerwa alishindwa na mkulima mwenzake aliyekuwa na serikali nyuma yake, wakati sisi tuliambiwa kwamba serikali haihitajiki. Hata Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 1997, ilikuwa imekiri kwamba bila dola yenye uwezo maendeleo hayapatikani.

Nyerere hakuishi kuiona anguko lile lote. Katika miaka yake ya mwisho alipinga kuvunjwa na kuuzwa kwa Benki ya Taifa ya Biashara, akihofia kwamba matawi ya wilayani yangefungwa kwa kukosa faida na mkulima angebaki hana pa kukopa. Katika hilo la mikopo, wanaouza kwa butura leo watamwelewa. Alitumia muda wake mwingine kupatanisha pande zilizopigana Burundi, akazifasiri Injili kwa tenzi za Kiswahili, akaendelea kuhudhuria Misa kwa uaminifu ule ule aliokuwa nao alipokuwa Ikulu. Alikuwa ameshika hazina ya nchi kwa karibu robo karne, na hakuacha utajiri.

Warithi wake wamelijaribu jibu hili na lile. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa yote ikusanywe kupitia vyama vya msingi, na wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Baadhi yetu tuliona wakulima wakingoja malipo yao kwa majuma mengi, watoto wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na butura ikirudi kwa mlango wa nyuma. Baadaye minnada ilipoanza kuendeshwa karibu na mkulima, bei zikitangazwa hadharani, tuliona nyuso nyingine. Katika hali zote mbili Serikali ilikuwamo. Mara ya kwanza ilishika kahawa, mara ya pili ilishika mizani tu na kumwacha mwenye kahawa auze. Kwa maoni yetu, kanuni ya auni iko karibu zaidi na mara ya pili, ilimradi chama cha msingi kiwe cha wanachama kweli, na si cha katibu na mpwa wake. Kuhudhuria mkutano mkuu wa chama na kudai kusomewa hesabu ni wajibu wa Mkristo pia, ijapokuwa hatujasikia mtu akiungama kuukosa.

Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa saratani ya damu. Mwili wake ulirudishwa Dar es Salaam, ambako watu walipanga mistari mchana na usiku kumwaga, kisha ukapelekwa Butiama na kuzikwa tarehe 23 Oktoba, karibu na makaburi ya wazazi wake. Siku ya kifo chake ni ya mapumziko nchini kote. Mwezi huo, kwetu, mavuno huwa yanakaribia mwisho, na wanaotoka kwenye Misa ya kumwombea hupita kando ya maturubai yaliyotandazwa mbele ya nyumba, kahawa ya maganda ikianikwa, na mtoto amekaa hapo na fimbo akifukuza kuku.